Mbayuwayu wa Malimbe

Mwanangu,

Mwangaluka. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema njia ya chuo chenu huko Wales inapita kando ya bahari, na kwamba wiki moja ulikuta mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya, wiki ya pili hakuna hata mmoja. Ukauliza: "Baba, ndio hawa wanaokuja kwetu Mwanza?"

Kwanza niwie radhi. Ulipokuwa darasa la pili uliniuliza swali hilihili, nikakujibu wanatoka Ukerewe. Nilibahatisha tu. Ulinyoosha kidole ziwani, na ng'ambo ya ziwa mimi nilikuwa naijua Ukerewe.

Jibu la leo ni kwamba hao wako yaelekea hawafiki kwangu. Mbayuwayu wa huko hupita Ufaransa, Hispania na Moroko, wakalikata jangwa la Sahara, wakateremka kwa Kongo mpaka Afrika Kusini. Watu walilijua hilo kwa pete: mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, akaokotwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege wa gramu 20 hivi! Wageni wetu sisi wengi hutokea mashariki zaidi, pande za Urusi.

Nao wameshafika. Tangu nistaafu, jioni natembea kutoka Nyegezi hadi chuoni Malimbe, polepole, goti lenyewe unalijua. Huko vuli ni majani kupukutika; huku vuli ni mawingu meusi juu ya ziwa na mama yako kuniuliza kwa nini nimeacha mwavuli. Mwezi ukiandama, wale wadudu wa ziwani wanapanda juu ya maji kama moshi wa kuchoma mkaa. Sisi tunafunga midomo na madirisha. Mbayuwayu wanaingia humohumo ndani ya moshi, mdomo wazi, wanakata kona kama bodaboda wa Buhongwa.

Nitakufundisha kuwatofautisha, maana wenyeji wapo wanaofanana nao sana. Mgeni ana koo jekundu la kutu, chini yake mkanda mweusi wenye mng'ao wa buluu umekata kifua kizima, na tumbo jeupe. Mwenyeji ule wekundu unashuka hadi kifuani, mkanda wake mwembamba, tumbo la kijivu kama amekaa jikoni. Anayebeba tope kujenga chini ya baraza ni mwenyeji. Mgeni hajengi kwetu hata kidogo. Mayai yake hutagwa hukohuko kwenye mazizi ya watu.

Mmoja juzi alitua kwenye waya karibu kabisa nami. Nilidhani nitaona kitu cha fahari, kumbe amechakaa! Manyoya ya mabawa yamelika kingoni kama ukindu wa mkeka mkuukuu, mkia una upande mmoja tu mrefu. Manyoya mapya huota wakiwa huku kwetu, kwa hiyo Machi wakianza kuondoka utawaona wamependeza, mikia kamili. Wanakuja na viraka, wanarudi na suti. Wewe usinirudie hivyo, leta na pesa kidogo.

Leo jioni nimewahesabu kwenye waya wa umeme karibu na geti la chuo. Nilifika 41, daladala ikapiga honi, wakaruka wote.

Baba yako