Mwanangu, jeshi ukilijaza mizinga peke yake utapigwa tu

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza, eti kwenye gemu yako ya vita vya Napoleon umeuza farasi wote ukanunua mizinga na bado unachapwa, sasa unaniuliza majeshi ya karne ile yalihangaika na farasi na askari wa miguu wa nini wakati mzinga ndo unaua wengi. Swali zuri, baba yako nimelipenda kuliko yale ya nauli.

Chukua Waterloo, vita ambavyo Napoleon, mtawala wa Wafaransa, alipigwa na Wellington wa Waingereza na wenzake, 18 Juni 1815. Napoleon alikuwa na watu kama 73,000 na mizinga karibu 250, yaani mitatu na ushee kwa kila askari 1,000, na ujue yeye mwenyewe alisomea mizinga, angeweza kuongeza angeongeza. Ila mzinga wa ratili 12, yaani wa kurusha tufe la uzito huo, unavutwa na farasi 6 au zaidi, nyuma kuna mikokoteni ya baruti nayo ina farasi wake, wote wanataka kula, mvua ikipiga kama ile ya usiku wa kuamkia vita mnazama wote kwenye tope. Halafu mzinga hauwezi kuingia kijijini ukapashika pakawa pako, hiyo kazi ya askari wa miguu, ndo maana siku ile walikuwa kama theluthi mbili ya jeshi lake.

Utamu uko kwenye kuvichanganya. Askari wa miguu wakijipanga mstari mrefu wanafyatua bunduki nyingi kwa mpigo, lakini farasi wakiwatokea ubavuni wamekwisha, kwa hiyo wakiwaona tu wanajipanga mraba, singe (vile visu vya mdomoni mwa bunduki) nje pande zote nne, na farasi si mjinga, haingii kwenye singe. Haya, ila mraba umesongamana, tufe moja la mzinga likiingia linapita na watu kibao. Umeona sasa? Farasi anawabana, mzinga unawafyeka, wa miguu anakuja kupachukua.

Sasa pale Waterloo Marshal Ney, jenerali wa Napoleon, alasiri ile akapeleka maelfu ya wapanda farasi, wimbi baada ya wimbi, bila askari wa miguu wa maana nyuma yao. Wapiga mizinga wa Wellington wanakimbilia ndani ya miraba, farasi wakirudi nyuma wao wanatoka wanapiga tena, maana hiyo mizinga Wafaransa waliipita bila kuiharibu! Mimi nikifika hapo nashika kichwa.

Lakini usidhani farasi walikuwa pambo. Urusi 1812 ilimmalizia Napoleon farasi, Mei 1813 akashinda Lützen, akashinda Bautzen, ila hana wa kumfukuza anayekimbia, adui anaondoka na jeshi lake anaenda kujipanga upya. Ushindi gani huo?

Mambo yaligeuka bunduki zilipoanza kufika mbali. 1870, Wafaransa wakipigana na Waprusia (Wajerumani), bunduki ya Wafaransa iitwayo Chassepot inapiga zaidi ya mita 1,000, Waprusia nao wana mizinga ya chuma ya kiwanda cha Krupp inayojazwa kwa nyuma. Kwenye pigano la Sedan farasi wa Wafaransa walivurumishwa kwenye moto wakaisha bure. Ila wiki mbili kabla, kwenye pigano la Mars-la-Tour, wapanda farasi kama 800 wa Bredow, jenerali wa Waprusia, walijificha bondeni na kwenye moshi wakaifikia mizinga ya Wafaransa kweli, karibu nusu yao wakapotea, na majenerali wa Ulaya wakaing'ang'ania siku hiyo moja kutetea farasi wao mpaka 1914.