Mvua imekatika, picha haijarudi

SWALI: Fundi habari za kazi. Dishi letu liko juu ya bati, mvua ikinyesha picha inaganda, hiyo nshazoea, ila siku hizi mvua inakatika asubuhi mpaka mchana TV bado inaandika hakuna mawimbi, afu chaneli zingine zinashika zingine hazishiki kabisa. Jirani anasema ninunue kingamuzi kipya, ni kweli? Mama wa wawili, Tanga.

JIBU: Dada yangu pole, na nakuomba usinunue kitu kwanza. Picha kukatika dakika chache mvua kubwa ikinyesha ni kawaida, matone yanameza mawimbi, lakini kama jua limeshatoka na bado hola basi mi nahisi maji yameingia kwenye waya. Zima kingamuzi, chomoa umeme, afu mtu anayejua kupanda afungue ile konekta ya kwenye LNB, kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, huko juu. Mara nyingi utakuta shaba ya katikati imeshakuwa ya kijani, na vile vinywele vya nje vinaigusa. Kingamuzi kinapeleka volti 13 kwa chaneli za upande mmoja na 18 kwa zingine, waya ukioza volti zinapungua, ndo maana unapata nusu. Kata kipande kilichooza, funga konekta mpya, zungushia tepu ya raba, na waya uache uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondokee hapo. Bati likiwa bado bichi asipande mtu, tafadhali sana.