Bila kupanuliwa mboni au kupigwa picha ya retina, mama hajapimwa macho

Hapana mkuu, haitoshi. Unasema zahanati binafsi hapo Mwanjelwa imemsomesha mama yako herufi za ukutani, kazisoma mpaka mstari wa chini, wakamwambia kisukari hakijagusa macho, na sasa unauliza fremu nzuri na bei. Achana na fremu kwanza.

Kisukari kinaharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, kwenye retina. Mtu anaweza kusoma ubao wote huku mishipa inavuja. Haiumi, haiwashi.

Baba yangu alikuwa anatoka Tukuyu kila mwezi kuja kliniki binafsi mjini Mbeya. Wanapima sukari, wanapima presha, wanampa dawa, wanachukua hela. Akilalamika anaona ukungu, wanamsimamisha mbele ya ubao na kumwandikia miwani. Miwani ikamkataa, wakabadilisha lenzi, tukalipa tena. Hakuna aliyetuambia kwamba sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho lenyewe nayo inabadilika, namba ya miwani inayumba. Sukari itulie kwanza ndipo ununue. Hela ningesamehe. Nisichosamehe ni yule daktari kuandika kwenye daftari la mzee "macho sawa" wakati hajawahi kutazama ndani ya jicho hata mara moja! Rufaa ni karatasi moja tu, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko mji huohuo.

Baadaye mzee akaanza kuona vitu vyeusi vinaelea kama utando wa buibui, kisha jicho la kushoto likaingia kiza. Damu ilikuwa imevujia ndani. Bingwa wa macho alipommulika alikuta mishipa mipya, dhaifu, imeota macho yote mawili. Matibabu ya mwanga wa leza yaliokoa la kulia. La kushoto ndiyo basi, maana leza inazuia uharibifu usiendelee, hairudishi kilichokwisha kupotea.

Mwenye kisukari aina ya 2 anapimwa retina mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama anaona mpaka kileleni mwa mlima Loleza. Anatiwa matone ya kupanua mboni, anasubiri kama nusu saa, ndipo daktari anamulika ndani. Au retina inapigwa picha kwa kamera maalumu. Nje ya hapo, wamempima miwani tu.

Wapigie leo uwaulize: mama alitiwa matone? Alipigwa picha ya retina? Kama hawana vifaa, si kosa, zahanati nyingi hazina, ila waandike rufaa kwa daktari wa macho. Siku hiyo umsindikize, maana ataona ukungu kwa saa kadhaa na jua litamsumbua. Mbebee kofia, asirudi na bodaboda peke yake. Beba pia daftari lake la sukari na presha, daktari wa macho atalihitaji.