Baba anaanza mionzi ya koo, meno yanahusikaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, amekutwa na saratani ya koo, tumepangiwa mionzi Dar. Sasa wametuambia akaangaliwe meno kwanza, na huko kwa meno wanataka magego mawili ya chini yang'olewe. Sisi tunaona ni kucheleweshwa tu. Shangazi naye anasema ukimng'oa jino mtu mwenye saratani ndo inasambaa. Halafu nimesikia mdomo utamkauka, nimeshamnunulia pipi za kumumunya na glukosi. Nisaidie. Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na ugonjwa. Mpelekeni akang'olewe, na iwe wiki hii hii. Hilo la shangazi si kweli, kung'oa gego bovu hakusambazi saratani ya koo. Mionzi ya shingo mara nyingi ni siku 5 kwa wiki kwa wiki 6 hadi 7, na inagusa mpaka mfupa wa taya, vimishipa vya damu vya mle vinakufa, sasa jino likija kung'olewa baadaye kidonda kinaweza kugoma kabisa kufunga, mfupa ukabaki wazi unaoza, na hatari hiyo haiishi mwaka mmoja wala miwili. Ndo maana wanataka kidonda kipate kama wiki 2 za kupona kabla ya mionzi. Kama daktari wa mionzi anaona saratani haiwezi kusubiri, ataamua yeye, ila aongee na wa meno.

Kingine ni mate. Tunayadharau jamani, lakini ndo yanaosha meno, yanapunguza asidi na kuyarudishia madini. Mionzi ikishaziumiza tezi za mate, meno yanaoza haraka mno, tena yanaanzia pale chini karibu na fizi na kwenye ncha, sehemu ambazo kwa kawaida hazitoboki ovyo. Mtu mwenye meno mazima anaweza kuyamaliza ndani ya miezi.

Kwahiyo hizo pipi nakuomba sana zitoe, na glukosi na soda pia. Mdomo mkavu uliojaa sukari kutwa nzima, hakuna jino litakalopona hapo. Awe na chupa ya maji mkononi, anapiga funda dogo dogo, au atafune bigijii isiyo na sukari. Uji wenye sukari kama ameandikiwa kwa sababu amekonda anywe, uzito wake ni muhimu, ila aumalize kwa mara moja kisha asukutue, asikae nao akionja onja mpaka jioni.

Muulizeni daktari wa meno kuhusu floraidi yenye nguvu, yaani yale madini ya kwenye dawa ya meno yanayoyakaza meno. Dawa za meno za watu wazima za dukani nyingi zina floraidi ya ppm 1,000 hadi 1,500 (ppm ni sehemu ngapi katika milioni, huandikwa kwenye boksi), wagonjwa kama baba huandikiwa ya 5,000 au jeli, kila siku, na mate yasiporudi ni ya maisha. Akishapiga mswaki ateme tu, asisukutue na maji. Najua wenzetu wa Arusha na Meru wataogopa maana maji ya kule yana floraidi nyingi na yamewapa watu meno ya kahawia, lakini yale ni ya kunywa tangu utotoni jino likiwa bado linajijenga, ya baba yalishakomaa zamani.

Vidonda vya mdomo vikianza, mara nyingi wiki ya 2 au ya 3, asiache mswaki. Awe na ule laini kabisa, auloweke kwanza maji ya uvuguvugu. Asukutue mara kwa mara na kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye robo kijiko cha chai cha bekingi soda na chumvi nusu ya hapo, siyo magadi, na dawa za kusukutua zenye spiriti aachane nazo. Akiongezewa kemo (dawa za kuua saratani) na fizi zikavuja damu, waambieni hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya mionzi arudi kwa daktari wa meno kila miezi 3 au 4. Na jino likimuuma hata miaka 5 mbele, asikubali mtu yeyote amng'oe kabla hajamwambia kwamba alipigwa mionzi ya shingo.