Maji yanakwama kifuani, wewe unameza dawa za vidonda

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, niko Morogoro. Mwaka wa pili huu chakula kinanikwama kifuani, hata maji. Usiku nashtuka mto umelowa uji niliokunywa jioni. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo karibu mwaka mzima na nimepungua kilo 11. Juzi nimepigwa picha ya bariamu (eksirei baada ya kunywa dawa nyeupe), wakasema ni akalasia, nifanyiwe upasuaji. Jirani anauza dawa ya siku 21 ya kufungua umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, na mama mkwe anataka nikatwe kimeo. Siwezi kupona bila kisu?

JIBU: Marahaba. Mwaka mzima wa dawa za vidonda! Hivi kuna aliyekuuliza kama maji yanapita? Kidonda cha tumbo kinauma, kinachoma, kinaweza hata kutoa damu, lakini hakizuii maji kifuani. Najua kosa linakoanzia. Chakula kikilala ndani ya umio kinachacha, kifua kinawaka, mgonjwa anasema "kiungulia", na muuza dawa haulizi zaidi. Onja kile kinachorudi usiku: uji wako una ladha ileile ya jioni, hauna ukali wa matapishi, kwa sababu haukufika tumboni.

Akalasia ni hivi: umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaotakiwa kulegea kila unapomeza. Neva za kuuamuru ulegee zimekufa, na umio wenyewe umeacha kusukuma. Neva hizo hazifufuliwi na chupa ya jirani, wala na kisu changu. Tiba zote za kweli zinafanya jambo moja tu: kuulegeza msuli huo kwa nguvu. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za mgonjwa aliyempa kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sponji nchani, ajisukumie tonge mwenyewe. Kichekesho, lakini alielewa kuwa mlango umefungwa, jambo linalowashinda wauza mitishamba wa leo.

Bila kisu inawezekana. Puto la milimita 30 hadi 40 linapitishwa mdomoni na kujazwa hewa palipobana. Huenda likarudiwa baada ya miaka kadhaa, na mara chache umio hutoboka. Upasuaji wenyewe, aliouanzisha Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913, hauondoi umio kama watu wanavyoogopa. Tunapasua nyuzi za msuli tu, utando wa ndani tunauacha mzima, siku hizi kupitia matundu madogo tumboni. Ipo pia njia ya kupasua kwa kamera kupitia mdomoni, aliyoianza Mjapani Haruhiro Inoue mwaka 2008. Uliza kama hospitali yako wanayo. Sindano ya kulegeza msuli nawaachia wazee wasioweza kuvumilia hayo mengine, kwani nguvu yake huisha ndani ya mwaka. Halafu cha ajabu: mlango ukishafunguliwa asidi inaweza kupanda, na hapo ndipo omeprazole, dawa ya vidonda inayopunguza asidi, itakapokufaa.

Kimeo kinaning'inia nyuma ya ulimi, ugonjwa wako uko mwisho wa kifua. Ukikikata utapata damu na maambukizi, tonge litakwama palepale.

Kabla ya lolote hakikisha umepimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, maana saratani ya mlango wa tumbo inaweza kuiga akalasia hata kwenye picha ya bariamu. Siku moja au mbili kabla ya kipimo kunywa vimiminika tu, na waambie umio wako hauteremshi chakula tumboni, kisije kikaingia mapafuni.

Na hili si lako peke yako. Kuanzia Kenya, Tanzania hadi Malawi saratani ya umio ni nyingi. Akalasia hugomea ugali na maji kwa pamoja, tena kwa miaka. Saratani huanza na nyama, kisha ugali, kisha uji, ndani ya miezi. Mtu wa miaka 55 ambaye mwezi uliopita alitafuna nyama vizuri na leo anashushia kila tonge kwa maji, hana siku 21 za kujaribia chupa ya mtu.