Mgeni wangu Kisumu ataanzia Dunga

Mhariri,

Swali lenu la wiki ni hili: "Mgeni akiwa na siku moja tu mjini kwenu, utampeleka wapi?" Naomba nijibu kwa kirefu kidogo. Mimi ni mwandishi wa riwaya, nimezaliwa na kukulia Kaloleni, Kisumu, na riwaya yangu mpya, Usiku wa Karabai, imetoka mwezi huu kama kitabu cha kielektroniki. Pahali ninapopapenda mjini ndipo nilipookota hadithi hiyo, kwa hiyo siwezi kuutaja mji nikakiacha kitabu.

Wageni wengi hupelekwa Hippo Point, ufuoni mwa Ziwa Victoria, jioni. Hupiga picha jua likizama, hula samaki, hurudi hotelini. Pazuri, sikatai. Lakini aliyeliona ziwa saa kumi na mbili jioni ameliona likiwa limeshamaliza kazi, na Kisumu ni mji wa kazi tangu mwanzo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na meli za kwanza zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikaunganishwa papa hapa ufukweni ndipo zikaelea. Mtu akitaka kutujua, na atutazame tukifanya kazi.

Kwa hiyo mgeni wangu nitamwamsha kungali giza. Tutapanda pikipiki hadi Dunga, ufuo wa wavuvi kusini mwa mji, tufike mashua za omena zikiingia.

Omena, ambayo wenzetu wa Mwanza huiita dagaa, huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa sababu mwanga ndio unaoivuta. Wavuvi hushusha taa juu ya vyelezo vidogo, huziacha zielee, husubiri samaki wakusanyike chini yake, kisha huzungusha wavu. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikinguruma usiku kucha. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Ukisimama kwenye mwinuko usiku wa giza, utaona taa zimejipanga kwenye Ghuba ya Winam hadi mbali, utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba mji huo upo, na kwamba watu wake hulala mchana.

Mashua zikigusa mchanga, mtazame mama mnunuzi, usimtazame mvuvi. Wanawake wamesimama na mabeseni tangu alfajiri. Mmoja atachota konzi ya omena, atainusa, ataibonyeza kwa kidole gumba aone kama matumbo yamepasuka, ataitawanya kiganjani aone kama imechanganyika na fulu, samaki wengine wadogo, au makombe ya konokono. Hayo yote huchukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili, na papo hapo bei inajulikana. Ukimuuliza, "Mama, ya leo vipi?" atakujibu bila kuinua macho: "Ya leo safi, nyathina. Haina mchanga." Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo.

Halafu huianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye nyasi. Jua likiwaka vizuri, mchana imekauka. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, mzigo unaharibika, unashuka bei na kuishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Mtaji wa mama umekwenda hivyo. Ndiyo maana wanawake wa Dunga hutazama mashariki, kule kwenye milima ya Nandi, kila baada ya muda mfupi. Mawingu ya alasiri hutokea huko. Mgeni akijifunza kutazama upande huo pamoja nao, nitajua ameanza kuuona mji.

Jambo moja kuhusu msimu: kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane. Atakayekuja miezi hiyo atakuta ngege, yaani tilapia, na mbuta, yaani sangara, atakuta na watu wakitia nyavu viraka, lakini taa hatazikuta.

Hapo Dunga ndipo riwaya yangu ilipoanzia, na ndipo palipo na jambo ambalo wenyeji tunalijua na hatupendi kulisema mbele ya wageni. Kwa miaka mingi kwenye fuo za ziwa letu kumekuwa na desturi iitwayo jaboya: mwanamke anayetaka kupewa samaki kwanza, au kupewa kabisa siku samaki ni haba, hutakiwa kumpa mvuvi mwili wake. Fedha peke yake haitoshi. Wavuvi huhama ufuo mmoja hadi mwingine wakifuata samaki, na maradhi huhama nao. Ukimwi ulizivuna familia za ufuoni kwa njia hiyo, na watoto waliobaki ndio leo wanaoendesha pikipiki zinazotuleta Dunga. Chanzo cha jaboya si tabia mbaya ya watu wa ziwa, kama wengine wanavyopenda kusema. Chanzo ni kwamba mashua ni ya mwanamume na nyavu ni za mwanamume, na miiko ya zamani haikumruhusu mwanamke kuingia mashuani kuvua. Asiye na chombo hana la kujadili.

Lakini wapo walioikataa desturi hiyo. Kule Nduru, upande wa Nyakach, wanawake walianza kupata mashua zao wenyewe mwaka 2011. Wakaajiri wanaume wavue, nao wakapanga wenyewe nani auziwe samaki. Mwaka 2020 ziwa lilipofura, maji yaliingia nyumbani kwao, wengi wakahama. Habari ile ilinikaa moyoni. Mhusika wangu mkuu, Atieno, si mmoja wao. Yeye ni mchuuzi wa omena wa Dunga niliyemwumba mwenyewe. Ila swali lake ni lao: mashua inapatikanaje na mtu asiye na dhamana wala mume? Riwaya inaanza hivi:

"Atieno hakuwahesabu wanaume waliorudi. Alihesabu taa. Taa saba zilitoka jioni, na sasa, mawingu yakianza kupauka upande wa Kano, zilikuwa zinarudi sita. Wanawake wengine walikuwa wakigombea nafasi ya mbele. Yeye aliliweka beseni lake chini, akakaa juu yake, akasubiri ya saba."

Tukitoka ufuoni, nitamwonyesha mgeni kinamasi cha mafunjo kilicho kando. Wapenzi wa ndege hufunga safari kutoka mbali kuja kuwatazama ndege wanaoishi ndani ya mafunjo tu, na wenyeji huyakata wakasuka mikeka. Gugumaji nalo lipo. Kuna siku hujaa ghubani hadi mashua zikashindwa kutoka. Mafundi wa hapa wameanza kulikausha na kulisuka viti. Kisha tutakunywa chai ya maziwa kwenye kibanda, na bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka pamoja hadi yakalainika.

Siku ikiwa Jumapili, kutoka hapo ni Kibuye moja kwa moja. Soko lipo wiki nzima, ila Jumapili ndiyo siku yake, linafurika hadi barabarani. Mitumba, makochi yanayogongwa misumari mbele yako, ndizi kutoka Kisii, sufuria, vifaranga, vipuri vya baiskeli. Mimi napenda kusimama mahali panapouzwa nafaka na omena kavu, panapopimwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kwa sababu ya lugha. Mjaluo anamuuzia Mluhya, Mkisii anabishana na Mkikuyu wa viazi, na wote wanakutana kwenye Kiswahili. Ni Kiswahili cha haraka, kimejaa Kijaluo ndani, na watu wa pwani wakikisikia hutabasamu. Mimi nimelelewa humo na sikioni kwangu hakina upungufu wowote. Mazungumzo mengi ya riwaya nimeyaandika kwa Kiswahili hicho. Watu hunihubiria kwamba watu wa ziwa hawasomi Kiswahili. Nawaomba waje wasimame Kibuye wasikilize.

Mjini kati tutapita kwa haraka. Nitasimama kwenye mnara wa saa, uliozinduliwa mwaka 1938, uliojengwa na watoto wa mfanyabiashara Kassim Lakha kwa kumbukumbu ya baba yao, kwa kuwa Wahindi nao ni sehemu ya hadithi ya mji huu na maduka yao ya zamani bado yamepanga mstari barabara ya Oginga Odinga. Hifadhi ya Impala, yenye swala pala na nzohe, swala wa kinamasini, inawafaa walio na watoto. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, nayapenda kwa ajili ya Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo lililojengwa humo ndani, nyumba ya mke mkubwa mahali pake, ya mwana wa kwanza mahali pake. Niliwahi kukaa humo kivulini nikipanga sura nzima ya kitabu, maana nilihitaji kujua Atieno angesimama wapi akirudishwa kwa wakwe zake. Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyobebana upande wa Seme, kando ya barabara ya kwenda Bondo, nawaachia wenye gari na siku ya pili.

Chakula cha mchana ni ngege mzima wa mchuzi, ugali wa mahindi au wa wimbi na muhogo, na osuga, yaani mboga ya mnavu, iliyopikwa kwa maziwa hadi uchungu wake ukatulia. Lakini mgeni wangu ataonja pia mgongo wazi. Viwanda vya samaki hukata minofu ya mbuta na kuisafirisha nje ya nchi. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyonasa mifupani. Wanawake wa mtaa wa Obunga huyanunua mabaki hayo, huyakaanga kwenye mapipa ya mafuta yanayochemka, na kuyauza kwa watu ambao samaki mzima wa ziwa lao wenyewe amewashinda bei. Ni kitamu, hasa nyama ya shingoni. Nataka mgeni akile akijua kwa nini kipo.

Jioni, mvua ikipenda, itanyesha kwa radi, na hapo hakuna la kufanya ila kujikinga kwenye baraza ya duka na kuzungumza na yeyote aliyejikinga karibu nawe.

Sasa kitabu. Wengi wameniuliza kwa nini nimekitoa kwa njia ya kielektroniki, tena kwa ajili ya watu wa Dunga na Kibuye. Nimefanya hivyo kwa ajili yao hasa. Ingia duka la vitabu katika miji yetu: rafu zimejaa vitabu vya kiada na vile vinavyotahiniwa, na riwaya ya Kiswahili isiyo kwenye mtaala haipati hata pembe. Kuchapisha kwa karatasi kunataka fedha nyingi kabla hujauza nakala ya kwanza, na tangu mwaka 2013 kitabu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kama bidhaa nyingine nyingi. Lakini mama anayeuza omena ana simu, kwa sababu bila simu hapokei malipo. Riwaya isiyo na picha kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja, ni ndogo kuliko picha moja unayopiga kwa simu hiyo hiyo. Ukishaipakua huhitaji intaneti tena.

Nimeitoa katika muundo wa EPUB, na nakala ya PDF kwa wanaotaka kuchapa kurasa. Kwa simu nawashauri EPUB: maandishi unayakuza utakavyo na mistari inajipanga upya, wakati PDF itakulazimu usukume ukurasa huku na huku hadi macho yachoke. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, nimeipata kupitia Huduma ya Maktaba za Taifa, kwa hiyo mwalimu au mkutubi anayetaka kukiweka kwenye orodha yake anaweza. Maktaba hizo hizo ndizo zilizonipa riwaya za kwanza nilizosoma, wakati nyumbani hatukuwa na uwezo wa kununua hata moja.

Ombi langu moja kwa wasomaji: msikirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Mwazime dada yako simu asome, msomee mama yako kwa sauti, nitafurahi mno. Lakini faili likisharushwa kwenye kundi la watu mia mbili, mwandishi hana tena wa kumwuzia. Kitabu hiki kimenichukua miaka, na cha pili kitategemea mauzo ya hiki.

Maelekezo ya kulipa kwa M-Pesa nimemwachia mhariri, atayatoa kwa kila atakayeomba. Sura tatu za kwanza hazilipiwi. Zinamfikisha msomaji hadi asubuhi ile mashua ya saba inapoonekana, ikiwa imefungwa kamba nyuma ya mashua nyingine, haina taa. Anayetaka kujua nani alikuwa ndani yake, bei ni shilingi 250.

Msomaji wenu,
Kaloleni, Kisumu