Shule iingilie, ila sio kwa kila kitu

Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama shule iwe na haki ya kumwadhibu mwanafunzi kwa kitu alichokifanya mtandaoni akiwa kwao, nje kabisa ya muda wa shule. Nimelisoma nikaweka simu chini, baadae nikairudia tena, maana mi nimekuwa mwalimu wa darasa kwa miaka kadhaa na hili jambo limepita mikononi mwangu, na halikupita vizuri. Jibu langu ni ndiyo, ila ndiyo yenye mpaka, na mpaka wenyewe sio geti la shule.

Nasema geti kwa sababu ubishi mwingi unaanzia hapo, ndani ya geti mwalimu, nje ya geti mzazi, basi kesi imeisha. Zamani ilikuwa inaeleweka, mtoto akizomewa njiani akifika kwao anafunga mlango na zomeazomea inabaki huko nje. Siku hizi inamfuata mpaka kitandani, simu inatetemeka chini ya mto saa sita usiku, na asubuhi walewale waliokuwa wanamcheka usiku kucha ndio wamekaa dawati la nyuma yake.

Ngoja niwaambie nilichokiona. Darasa langu lilikuwa na grupu lao la WhatsApp, la wenyewe kwa wenyewe, sisi walimu hatumo. Jumamosi moja jioni kuna aliyechukua picha ya binti wa darasa hilohilo, picha ambayo mwenyewe hata hakujua kama amepigwa, alikuwa anapiga chafya, macho nusu yamefumba, mdomo umeenda upande, akaikata uso tu akatengeneza stika. Basi ile stika ikawa ndio jibu la kila kitu, mtu akiuliza homuweki ya hesabu ni namba ngapi anatupiwa stika, mtu akiaga usiku mwema stika, na kila saa inakuja mpya imewekewa maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na binti mwenyewe yumo kwenye grupu, anaona zote zinavyoingia.

Jumatatu nimeingia kipindi cha kwanza naita majina, sijui hili wala lile. Nilipofika kwenye jina lake darasa zima likapiga chafya. Watoto zaidi ya 40 kwa mpigo mmoja. Na mimi nikasema "afya" nikaendelea na jina linalofuata. Hilo "afya" linaniuma mpaka leo, kwa sababu niliinua macho nikamuona amevuta kola ya sweta mpaka puani na nikadhani anasikia baridi, akakaa hivyo hivyo mpaka kengele. Wiki iliyofuata alikuja siku mbili tu.

Nilivyokuja kujua nikakusanya skrinshoti nikazipeleka kamati ya nidhamu. Nikajibiwa, "Mwalimu, hii imetokea wikiendi watoto wako makwao, waite wazazi wao wamalizane wenyewe, shule haihusiki." Sasa sikilizeni, kamati hiyohiyo, muhula huohuo, ilikuwa imeshamsimamisha masomo kijana mmoja wiki mbili kwa sababu aliweka picha ya vyoo vya shule kwenye stetasi yake, vyoo vimejaa, mlango mmoja hauna kitasa, chini kaandika "tunalipa ada ya nini". Aliweka akiwa kwao, kwa bando lake. Barua yake ikasema "kuichafua shule mitandaoni". Hapo hakuna aliyeuliza ilikuwa wikiendi au siku gani.

Ndio maana nawaambia geti sio mpaka. Shule zinajua sana kuvuka geti pale jina lao linapoguswa, ila akiguswa mtoto ghafla wanakumbuka mipaka. Mi ningependa iwe kinyume chake kabisa. Kama aliyeumizwa ni mtu, iwe mwanafunzi au mwalimu, na anajulikana ni nani, shule iingilie hata kama simu ilikuwa sebuleni kwa bibi yake mtu. Kama kilichoumizwa ni sifa ya shule, waache, wajibu hoja au wakarekebishe hivyo vyoo.

Na sio mimi peke yangu nawaza hivi. Marekani kuna kesi ilifika mpaka mahakama kuu ya nchi, ya wilaya ya shule inaitwa Mahanoy huko Pennsylvania. Binti wa miaka 14 alikosa nafasi kwenye timu kubwa ya washangiliaji, wikiendi akiwa dukani na rafiki yake akaposti Snapchat picha wameinua kidole cha kati, na maneno ya kutukana shule na timu na kila kitu. Posti za vile zinafutika zenyewe baada ya saa 24, ila kuna mwenzao alishapiga picha ya skrini ikawafikia makocha, akatolewa kwenye timu ndogo aliyokuwa amepangiwa, mwaka mzima. Juni 2021 majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema shule ilikosea. Sababu yao moja naipenda sana: shule ikiruhusiwa kukagua maneno ya mtoto darasani, na ya nyumbani pia, basi huyo mtoto kwa saa 24 hana mahali popote pa kusema lililo moyoni.

Lakini wanaoshangilia ile hukumu wengi wanaishia hapo hapo. Majaji hawakusema shule ifumbe macho kwa kila cha nje. Walisema yapo mambo ambayo bado yanaweza kuihusu, wakataja uonevu mkubwa na usumbufu unaomlenga mtu fulani, na vitisho kwa walimu au wanafunzi. Kwa maana hiyo yule kijana wangu wa vyoo wangemuacha, na stika zile zisingejificha nyuma ya neno wikiendi. Uingereza nako sheria ya elimu ya 2006 inamruhusu mwalimu mkuu kuweka kanuni zinazogusa mwenendo wa mwanafunzi hata akiwa nje ya shule, kwa kiasi kinachofaa. Hilo neno kinachofaa ndilo lenye kazi yote, na ndipo shule nyingi zinateleza.

Kuna kipimo ambacho watu wanapenda kukitumia, kwamba je hiyo posti imevuruga masomo. Asili yake ni kesi nyingine ya hukohuko Marekani, ya 1969, wanafunzi walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam na mahakama ikawatetea, ikasema mwanafunzi haachi haki yake ya kusema pale anapoingia shule, isipokuwa kama analeta vurugu kubwa au anaingilia haki za wengine. Sasa watu wanakumbuka vurugu tu, kile kipande cha haki za wengine wanakiacha. Na mtoto anayeonewa halalamiki, havunji dirisha, masomo yanaendelea kama kawaida, yeye ndiye anayepungua. Anaacha kunyoosha mkono, anaacha kutoka mapumziko, mwisho anaacha kuja. Ukikaa kusubiri vurugu hutaiona.

Kuhusu adhabu yenyewe, hapo natofautiana na walimu wenzangu wengi. Kumrudisha mtoto nyumbani wiki mbili kwa kosa la simu ni kumpa wiki mbili za kushinda na simu. Mimi ningetaka kwanza aliyeonewa aulizwe anataka nini, maana wengine hawataki hata hilo jambo litajwe asembo, kumsimamisha mkosaji mbele ya shule nzima ni kumsimamisha na yeye pia. Stika zifutwe mbele ya wazazi, aliyetengeneza ahamishwe dawati au hata mkondo, na wale waliokuwa wanazisambaza waitwe mmoja mmoja, sio darasa zima kwa pamoja kwa sababu kwa pamoja kila mtu anajiona hana kosa. Na kabla ya yote hayo mtuhumiwa asikilizwe. Akaunti feki zipo, skrinshoti zinatengenezwa, mtoto anaweza kuazima simu ya mwenzake akaandika upuuzi kwa jina la mwenye simu. Nimeona mtoto anapewa barua kwa skrinshoti ambayo hata tarehe haina.

Na tafadhali, hii ruhusa isigeuke kuwa walimu kuwaambia watoto wafungue simu zao wasomwe meseji. Mwathirika au mzazi akileta ushahidi, shughulikia. Kwenda kuutafuta mwenyewe kwenye simu ya mtoto, hapana.

Najua mtaniuliza na wazazi je? Kweli kabisa wazazi wanahusika, na nilivyoambiwa niwaite niliwaita. Mama wa kijana aliyetengeneza stika ya kwanza alikuja, nikampa simu yangu akawa anazipitisha moja moja kwa kidole, hakusema kitu, alipofika ya mwisho akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto amekaa wapi?" Nikamuonyesha dawati likiwa tupu. Alimfuata nyumbani na mwanae siku hiyohiyo kuomba radhi. Ila wazazi wa wengine wawili hawakutokea, mmoja alinikatia simu akasema ni utani wa watoto. Sasa huyo binti haki yake itegemee ana bahati ya mzazi wa nani? Anakaa nao saa nane kwa siku chumba kimoja, na ni shule ndiyo iliyowaweka pamoja.

Kanuni iandikwe wazi, isomwe kwa wazazi siku ya kuandikisha watoto, ikitenganisha kumuonea mtu na kuilalamikia shule, isije ikatungwa siku mwalimu mkuu amekasirika. Na kwa yule kijana wa vyoo, wiki zake mbili hazirudi, ila ile barua bado imo kwenye faili lake na kila anapoomba barua ya tabia njema inasomwa kwanza. Naomba itolewe.